Kwa Mwalimu Placide, Aliyezaliwa Matadi Kweli

Mwalimu Placide,

Barua ya bibi yako, muke wako, ilifika. Ilipitia kwa bapadri, imefungwa na skochi pande zote, imekunjwa-kunjwa sawa vile mutu aliisafirisha ndani ya soksi. Padri alitangaza jina yangu kisha misa, mbele ya batu bote: «Vieux Kasereka, uko na barua ya kutoka Matadi.» Weye unanijua. Kifua yangu ilipanda. Kwa dakika moja nzima nilikuwa tena marin, soda ya maji. Nilipita katikati ya mabenchi polepole ili batu banione vizuri. Kisha nikafika inje, nikafungua, nikasoma na kidole mara tatu, ju Kifaransa yangu unaijua, inaishiaka njiani. Nikakaa chini kwenye ngazi ya kanisa sawa mutu ya malaria.

Anaitwa Godelive. Haukututajia jina yake hata siku moja. Anasema balimuelezea ya kama kuna baba moja ya Butembo alikuwa anakupelekea chakula kule kasho, ndani ya gereza, kila siku. Anataka kumushukuru yule baba. Na anaomba kitu moja tu: nimuambie maneno ulikuwa unasema pale mulangoni wakati unapokea sahani. Anasema tangu alipata habari ya kifo yako hana neno yako ya mwisho hata moja, na yule aliyekuwa anakulisha lazima iko nayo.

Mwalimu, maneno ya vile naweza kuitunga mbele ya chai kupoa. Nilishatunga mara tatu. Ya kwanza ulikuwa unasema: «Vieux, siku utamuona Godelive, umuambie nilikuwa nakula na kumufikiri.» Ilikuwa muzuri mpaka mie mwenyewe nikatoka machozi. Nikaipasua. Ya pili na ya tatu ilikuwa muzuri zaidi. Nikazipasua nazo. Ndiyo nikaona, mbele ya kumuandikia yeye, niandike kwanza kwako weye, ju weye hauwezi kudanganyika. Ulikuwa ndani.

Wacha nianzie kwenye uongo yangu, ju bila ile uongo ungekuwa unafundisha mpaka leo.

Ilianza na triko. Ile ya mistari, bluu na nyeupe, niliyoipata ndani ya balo ya nguo za kuvaliwa. Kijana moja sokoni akaniuliza: «Vieux, nguo gani hiyo?» Nikajibu: «Ya marin. Nilifanya miaka saba Matadi, kwenye jeshi ya maji.» Sijui ilitokea wapi. Ilitoka tu, sawa chafya. Maji kubwa niliyoionaka ni ziwa, kule Kyavinyonge, nilipokuwa napakia samaki za chumvi ndani ya camion. Mutumbwi niliupanda mara moja. Nilitapika toka ukingo moja mpaka ukingo ingine, na bavuvi bakasema heri babebe nguruwe.

Mais unakumbuka ile wakati ilikuwa namna gani. Vita ilifunga barabara: huku kwetu ilikuwa mikononi ya baasi, na Matadi ilikuwa upande ya serikali ya Kinshasa. Kusini bariere, kaskazini bariere. Camion za bafanyabiashara zililala kwenye mustari kando ya barabara kubwa, hakuna mafuta, hakuna pa kwenda, majani ikaota chini ya magurudumu. Batu ya Butembo, batu ya kusafiri, bamekaa sawa kuku ndani ya kikapu. Donc kila siku ya Mungu, kisha misa, mie nikawa nabatembeza Matadi.

Na niseme kweli, nilikuwa natembeza vizuri. Hapo sijidai. Ao najidai kidogo. Tulikuwa tunaanzia mbele ya kanisa: hapo ndiyo Matadi ya juu, nyumba za bakubwa ya jeshi ya maji. Tunashuka barabara kubwa: zile camion kumi na saba ni meli za vita, kila moja na jina yake. Ile ya bluu isiyo na magurudumu ya nyuma ndiyo ilipigana na Bareno siku tatu bila kulala. Tunafika Kimemi, ule muto mudogo ambamo bamama banafulia: hapo ndiyo muto Congo. Pale darajani navua kofia, nashusha sauti sawa padri: «Hapa ndipo tulizika ndugu zetu ndani ya maji.» Bamama banaacha kufula. Moja alilia kweli, akanipa kasiksi, pombe ya ndizi, chupa nzima. Kisha nanyoosha mukono: «Na toka hapa, meli ya vita inapanda mpaka Kinshasa! Siku mbili! Bendera juu!» Batu banapiga mikono mpaka bunduki ya bariere inageuka kutuangalia.

Na weye ulikuwa unafuata nyuma. Kila siku ya Mungu. Shati imepigwa pasi, mikono mugongoni. Ulikuwa unalala kwenye kile chumba cha uani kwa dada yangu Kavira. Ulisema uko mutu ya Kisangani, serikali ilikutuma kufundisha histoire kwetu, kisha vita ikakufungia. Hatukuuliza zaidi. Mie niliona nimepata muchezo. «Mwalimu wa histoire, leo utajifunza histoire! Toa kitabu, andika!» Na weye unatoa kile kikaye ndani ya mufuko, kweli unaandika. «Mwalimu, meli ngapi?» Unajibu: «Kumi na saba, Kapiteni.» «Bien. Kaa.» Batu banakufa na kicheko. Nawe unacheka, polepole, bila kuonyesha meno.

Siku moja uliniuliza, na sauti ya chini: «Vieux, na mawe? Mawe iko mingi kule?» Nikakujibu mbele ya bote: «Mawe gani, Mwalimu? Matadi ni muchanga tupu, mweupe sawa unga ya muhogo.» Ukasema: «Merci, Vieux.» Siku hizi najua. Nilimuuliza padri. Jina yenyewe ya muji yenu ni mawe.

Na siku ile ya mvua. Hakuna mutu aliyekuja, weye tu. Nikakuambia leo tuache. Ukasema: «Vieux, tutembee tu.» Tukatembea, babili ndani ya mvua, na mie sikuwa hata na nguvu ya kuongeza chumvi. Pale darajani ulisimama ukaangalia maji wakati murefu sana, mpaka nikafikiri: huyu mutu anapenda hadisi yangu sana. Mwalimu, haya inanishika mpaka shingoni. Ulikuwa unaenda kwenu, na ile njia yangu ya uongo ndiyo ilikuwa njia moja tu iliyobaki wazi.

Sasa ile siku ya komanda. Alikuwa mupya kwa muji, alisikia kuna marin Butembo. Alikuja na basoda bane, akafuata nyuma kimya, anakula karanga. Mutu ya akili angesema leo kichwa inaniuma, turudie nyumbani. Mie niliona kofia ya komanda, nikapanda juu. Nikatembeza sawa sijapata kutembeza. Na pale darajani, ndiyo nikasema ile neno: «Mpaka leo, bakubwa yangu ya Matadi bananiandikia. Banataka nirudie kazini.»

Komanda akatupa maganda ya karanga ndani ya Kimemi. «Ah bon? Banakuandikia? Serikali ya Kinshasa inakuandikia weye, huku kwetu?» Kisha akaambia basoda banifunge: «Bokanga ye.»

Balinishika. Nilitaka kusema: ni uongo. Neno moja ile. Ulimi ilikataa. Kuna batu bunduki inabafundisha kudanganya; mie bunduki ilikuwa mugongoni na sikuweza kusema kweli, ju batu bote balikuwa bananiangalia. Mukojo ilishuka ndani ya suruali. Hiyo ndiyo maji ambayo Kapiteni alipigana nayo.

Ndiyo ukatoka mbele. «Mon commandant, mumuache. Huyu mutu ni muongo. Hajaonaka Matadi hata kwa picha.»

Nilisikia ile neno muongo sawa kofi.

Ukaendelea, na ile sauti yako ya darasa: «Hakuna meli inapandaka toka Matadi mpaka Kinshasa. Muto iko na mawe na maporomoko. Bareno ya zamani balifika pale na meli zao, balishindwa, balichonga alama zao kwenye jiwe, balirudia. Ndiyo sababu balijenga reli. Mutoto wa miaka sita kule anajua hiyo. Mumuulize, mon commandant, bandari ya Matadi iko upande gani ya muto, kushoto ao kuume?»

Komanda akaniuliza. Nikajibu: «Pande zote mbili.»

Batu balicheka, Mwalimu. Bamama ya Kimemi balishikilia matumbo. Komanda mwenyewe alicheka mpaka karanga ikamupalia, na basoda bakaniachilia, ju mutu hafungake kichekesho. Nilipona na kicheko. Kisha komanda akapangusa macho, akakugeukia: «Na weye, Mwalimu ya Kisangani, ulijua hayo yote namna gani?»

Ulitoa lunettes kwenye macho, ukaipangusa na shati. Ulikuwa na wakati ya kutafuta uongo. Mie ningepata kumi. Ukasema: «Nilizaliwa kule, mon commandant. Nyumba yetu inaangalia bandari.»

Bakakupeleka. Na mie sikukuangalia hata ukienda. Nilikuwa naangalia batu banaocheka.

Hapo ndiyo nafika kwenye ile kitu ambayo sijasema kwa mutu, hata kwenye kitubio.

Unajua kasho ya kwetu. Serikali haipikiake mufungwa. Mutu anakula kile ndugu yake analeta, na yule anayeleta anasimama mulangoni anaita jina. Asiye na ndugu anaangalia mikono ya bengine. Weye haukuwa na ndugu huku. Ulikuwa na siye. Kavira alipika siku ile ile: bundu ya unga ya muhogo, sombe ya majani yake, na kipande cha samaki katikati. Akafunga sufuria ndani ya kitambaa, akaniambia mie kaka yake: «Yaya, peleka. Aliingia kule ju yako.» Yeye hakuweza kupita kwenye ile bariere, unajua basoda balikuwa banafanya bamama namna gani pale.

Nikabeba. Nilifika mpaka ng'ambo ya kasho, pale duka ya misumari. Bavijana babili baliniona. «Kapiteni! Pande zote mbili!» Bakacheka. Nikapita mbele ya mulango ya kasho sawa mutu iko na safari ingine. Nikaendelea mpaka kule banachoma matofali, nikakaa nyuma ya tanuru, nikafungua kitambaa. Nilikula yote. Nilipangusa sufuria na kidole.

Kavira akaniuliza: «Amesema nini?» Nikasema: «Amesema sombe iko na chumvi muzuri.»

Vile tu. Chafya ingine.

Niliwaza: akae na njaa siku moja, ajue kumupatisha mukubwa haya mbele ya batu ni nini. Siku moja tu. Mais kesho yake bavijana balikuwa pale pale, na jana yangu nayo ilikuwa pale, ju sasa ningeenda ningekukuta na njaa ya siku mbili na ungeuliza jana ulikuwa wapi. Kesho kutwa ilikuwa nguvu zaidi. Siku tisa, Mwalimu. Siku tisa nilikula chakula yako nyuma ya tanuru, na siku tisa nilimuletea Kavira salamu yako mupya. Umesema unamuombea. Umesema leo mugongo inapoa. Umesema samaki ya leo ilikuwa kubwa. Kavira alikuwa anafurahi, kesho yake anaongeza samaki.

Siku ya kumi bakakuhamisha Beni. Kavira akanipa unga na maharagi nikufuate. Nikamuambia barabara ina vita. Siku mbili za kwanza ilikuwa kweli. Kisha ikawa mie tu.

Habari ya kifo ililetwa na bapasaje, batu ya safari: kuhara, ilikumaliza kwa wiki moja. Tulikuja Beni, mie na Kavira, nusu ya njia kwa miguu. Wakati yeye na bamama ya paroasi banakuosha, muzee moja mufungwa, mulimaji ya Mangina aliyelala nawe kwenye mukeka moja, aliniita kwenye dirisha ya chuma. Akauliza: «Ni weye Kasereka?» Nikasema ndiyo. Akasema mwalimu alikuwa anakula nusu ya muhogo ya yeye muzee, na kila asubuhi alikuwa anauliza kama kuna mutu ya Butembo mulangoni. Kisha akasema: «Alinituma kwako. Alisema: nilimutukana mukubwa mbele ya batu, sikuona njia ingine ya haraka. Iko na haki ya kunikasirikia. Muniombee musamaha kwake.»

Weye. Uliniomba mie musamaha, na tumbo haina kitu.

Nikatoka kwenye dirisha, nikarudia kule bamama balikuwa.

Na kwenye kaburi, Kavira alisimama akaambia batu ya Beni: huyu mwalimu hakuwa na ndugu huku, mais kaka yangu alimulisha siku tisa, hakukosa hata moja. Batu balikuja kunishika mukono na kunishukuru. «Wasingya, Vieux. Wasingya.» Nikajibu: «Ni kazi ya mutu.» Nilisema vile, Mwalimu, udongo yako ingali mubichi. Na tangu siku ile hakuna aliyeniita tena wa pande mbili. Ni hadisi moja tu ya maisha yangu ambayo batu baliamini yote bila kucheka, na ndiyo hiyo ilitembea mpaka Matadi, ikamufikia bibi yako.

Huku mambo iligeuka. Barabara imefunguka, ao tuseme inafunguka na kufungwa. Camion zilipata mafuta, ziliondoka moja moja. Hata ile ya bluu balipata magurudumu yake. Kwenye kile chumba chako Kavira anaweka mahindi, mais hajatoa msumari uliyokuwa unatundika shati. Batu bananiuliza: Kapiteni, hautatembeza tena? Nasema miguu inauma. Kimemi mie naivukia kwa daraja ingine.

Jana nilimuambia Kavira. Alikuwa anatwanga sombe. Nilisema yote, bila kukaa, ju nilijua nikikaa nitaanza kupamba. Hakuacha kutwanga mpaka nikamaliza. Kisha akauliza: «Siku tisa?» Nikasema: «Siku tisa.» «Na samaki?» «Na samaki.» Akasema: «Ile samaki nilikuwa nabanyima batoto yangu.» Mie nikangoja anitukane, ningeipokea kwa mikono mbili. Akasema tu: «Usiniite dada mpaka yule mwanamuke ajue.» Akarudilia mutwangio.

Donc asubuhi ya leo nimeandika kwa Godelive. Padri alinisaidia Kifaransa, nilimuomba asome kila neno, ili kesho nisiweze kurudi kwake na kubadilisha. Iko karatasi moja tu, mie ambaye nikisalimia mutu inakuwa kurasa mbili. Imeanza hivi: «Mama Godelive, hakuna neno bwana yako aliniambia mulangoni, kwa sababu mulangoni sikufika.» Kisha siku tisa. Kisha tanuru. Kisha ile uliyosema kwa muzee wa Mangina, neno kwa neno, ju hiyo ndiyo neno yako ya mwisho na ni yake. Haikuwa yangu ya kuficha. Nilitaka kuongeza pale chini ya kama ulikuwa unamutaja yeye. Padri aliniangalia. Sikuongeza. Barua iko ndani ya mufuko yake, anapanda ndege Beni kesho.

Barua yake inasema atakuja wakati wa kiangazi kuweka musalaba. Labda sasa hatataka kuniona. Nitakuwa pale hata hivyo, ju mutu lazima amuonyeshe kaburi, na alama iliyowekwa ilianguka, ni mie na Kavira tu tunajua ni gani. Nakuahidi hivi, Mwalimu: sitamueleza kitu. Sitasema nilikuwa na haya, sitasema bavijana balikuwa mulangoni, sitalia mbele yake ili anihurumie. Atasema yake yote, hata ikichukua muchana muzima, na mie nitasimama, mudomo imefungwa, mpaka amalize. Akininyooshea mukono, nitamuuliza kwanza kama alisoma karatasi yote.

Ile musamaha uliyoniomba, sina haki ya kuitoa. Yangu kwako sijui nitaiombea wapi.

Pumzika, Placide.

Kasereka